Sisimizi wamehamia kwenye trela la kambi: nilivyowatoa

Usiku ule nilikuwa nimelala chali chini ya trela pale kambi ya Pimbi, Seronera, tochi kichwani, namfuatilia sisimizi mmoja aliyebeba chembe ya ugali. Dereva mwenzangu alisimama pembeni na tochi yake. Kazi yake kumulika fisi na kunicheka. Sisimizi akapanda kwenye chasi, akapita nyuma ya kibao cha namba, akafika kwenye kitundu unapopita waya wa taa ya nyuma. Chembe ilikuwa kubwa kuliko kitundu. Akaigeuza mara ya kwanza, mara ya pili, mara akatokea mwenzake wa ndani akaishika upande ule mwingine, wakaivuta ikaingia. Asubuhi nikafungua skrubu za taa. Kati ya kioo chekundu na bati nikakuta watoto weupe wamerundikwa kama chenga za mchele, na wafanyakazi wanawabeba kwa mdomo kukimbia nao huku na kule. Wiki tatu tulikuwa tunahangaika na droo za jikoni, kumbe wenyewe wanaishi kwenye taa ya breki.

Mimi ni mpishi wa safari, kituo changu Arusha. Trela ninalolitunza ni lile la kukunjua: hema juu na magodoro mawili ya sponji, nyuma kuna jiko la kuvuta kama droo, tangi la maji ubavuni, friji ndogo ya betri, mtungi wa gesi mbele. Nimelala humo na wageni, nimelala humo peke yangu, na nimegombana na sisimizi humo kuliko nilivyogombana na nyani. Yafuatayo ni ninayofanya sasa, baada ya kukosea vya kutosha.

Swali la kwanza kabisa: wanaishi humo, au wanakuja kukutembelea? Watu wengi hawaliulizi, na dawa ya hawa siyo dawa ya wale. Nyumba haitembei, kwa hiyo sisimizi wa nyumbani ni majirani tu. Trela linatembea. Wageni wa Tarangire unawaacha Tarangire ukiondoka. Ukiwakuta tena Karatu, na tena Ndutu, ujue hao ni abiria.

Kipimo changu ni rahisi. Tukisimama Karatu kujaza mafuta na kula, gari likiwa juu ya sakafu ya saruji, navuta droo ya jiko na kuweka kizibo cha soda chenye tone la asali. Kingine naweka chini ya godoro, kingine karibu na friji. Nakula chakula changu taratibu. Baada ya saa moja hivi narudi kuangalia. Vizibo vikiwa vitupu, wale wa jana walikuwa wapita njia, na nashughulikia njia tu. Kizibo kikiwa na watu tayari, ujue wamesafiri nasi, na kimoja kati ya hivyo vitatu kitakuwa kimejaa kuliko vingine. Tafuta upande huo.

Sasa nikuambie kosa langu, ili usilirudie. Mara ya kwanza nilipowaona, tulikuwa Mto wa Mbu. Msururu mmoja, mwembamba kama uzi mweusi, unatoka nyuma ya friji kwenda kwenye mfuko wa sukari. Nikachukua dawa ya kupuliza, nikapuliza mpaka bati likalowa. Uzi ukakatika, nikajisifu. Siku ya tatu misururu ikawa mitatu, na mmoja umepita ndani ya godoro la mgeni. Juu ya hayo, unga wa sembe kilo kumi ukanuka dawa, nikaumwaga wote. Mgeni wangu mama mmoja mtu mzima alikuwa mpole, lakini alivyokuwa akichambua uji wake wa shayiri kwa kijiko, punje kwa punje, sijausahau mpaka leo.

Kilichotokea ni hiki. Wale unaowaona barabarani ni sehemu tu ya ukoo. Malkia yuko ndani na watoto, na mwenye kutaga ni yeye. Ukiua wa njiani, anazaa wengine. Na kuna aina nyingine, hasa wale wadogo sana wa njano iliyofifia, ambao wana malkia wengi katika kichuguu kimoja. Hao ukiwapuliza wanagawanyika: kundi hili linachukua malkia na watoto linahamia kwenye godoro, lile linakwenda kwenye boksi la betri. Kwa hiyo dawa ya kupuliza niliitoa kabisa kwenye sanduku la vifaa. Sitaki sumu ya moshi mahali napokatia nyanya.

Kinachowamaliza ni chambo, yaani chakula watakachokibeba wenyewe mpaka kwa malkia. Sisimizi mfanyakazi aliyekomaa kiuno chake ni chembamba mno kupitisha kitu kigumu, kwa hiyo anakunywa. Anajaza tumbo, anarudi nyumbani, na wenzake wanamgusa mdomoni anawatapikia kidogo kidogo, wao wanawalisha watoto na mama yao. Ukimwekea sumu kali anafia njiani na hajafikisha kitu. Ukimwekea hafifu, anafikisha.

Natumia boraksi au unga wa boriki, ule mweupe laini. Wachezaji wengine wa kerem humwaga unga huohuo ubaoni kete ziteleze. Maji ya uvuguvugu kikombe kimoja, sukari vijiko vya chai nane, unga wenyewe nusu kijiko cha chai. Koroga mpaka maji yawe meupe kama hakuna kitu. Usiongeze! Kila niliyemfundisha anataka kuongeza, kwa akili kwamba nusu kijiko haiwezi kuua mtu. Ndiyo maana inafanya kazi. Chovya kipande cha pamba, kikamue kidogo, kiweke kwenye kizibo cha soda, na kizibo ukiweke pembeni mwa njia yao. Pembeni, siyo katikati, maana ukiwaziba wanatafuta njia nyingine.

Saa ya kwanza utaona balaa. Watakuja wengi kuliko ulivyowahi kuwaona, watajipanga kuzunguka pamba kama ng'ombe kwenye lambo. Hapo ndipo wageni wanapoanza kunitazama vibaya, na hapo ndipo unapotakiwa kukaa na mikono yako mfukoni. Usifute, usipulize, usimwage maji ya moto. Waache wanywe. Kila jioni badilisha pamba, kwa sababu ikikauka haiwafai. Kwangu msururu hupungua kuanzia siku ya tatu au ya nne. Kundi kubwa limewahi kunichukua wiki mbili. Lile la kwenye taa sikulichezea chambo: niling'oa taa nzima, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, nikaikausha, nikarudisha, na kitundu cha waya nikakiziba kwa silikoni.

Kuna siku wanaupita mchanganyiko wa sukari kama vile hawauoni. Siyo ujanja, ni kwamba siku hizo wanataka mafuta au nyama. Kwa hiyo kabla sijatengeneza chochote naweka vizibo vitatu usiku: maji ya sukari, siagi ya karanga, na kichwa cha dagaa. Kile watakachokijaa ndicho chambo changu. Wakichagua karanga, vijiko vitatu vya chakula vya siagi yake nachanganya na nusu kijiko cha chai cha boraksi, napaka kidogo kama punje ya harage.

Chupa ya mchanganyiko huo naiandika SUMU kwa kalamu ya rangi pande zote mbili, na kijiko chake nimekitoboa tundu kisirudi jikoni. Vizibo navificha mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na mbwa pia kama mna mbwa. Maji ya sukari yanafanana na maji ya kunywa, na ndani ya trela kila kitu kiko karibu na kila kitu.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni maji. Septemba, Tarangire, kila kitu kimekauka, wanyama wote wameshuka mtoni. Jikoni kwangu hakuna hata chembe ya sukari nje, nimefuta kila mahali, na bado msururu uko palepale nyuma ya friji. Nikaondoa friji, nikapapasa chini: pamelowa. Jasho la friji linadondoka tone moja moja, na bomba la tangi nalo linavuja kwenye maungio. Walikuwa wanateka maji, kama mtu mwingine yeyote kiangazi. Tangu siku hiyo kitambaa cha kukausha chini ya friji ni kazi ya asubuhi na jioni, na maungio yote ya bomba nimeyafunga upya. Kiangazi ukiona sisimizi na huoni chakula, tafuta unyevu.

Kwenye trela wanapenda kujificha mahali palipofungwa, pana giza na hapatikiswi sana. Taa za nyuma nimeshasema. Ndani ya vyuma vya chasi vyenye uwazi, wanaingilia kwenye vitundu vya kutolea maji. Boksi la betri. Mfuniko wa tairi la akiba. Mikunjo ya turubai iliyokunjwa ikiwa na unyevu. Sponji la ukuta wa friji. Chini ya magodoro, kwenye mbao. Godoro nalianika juani saa sita mchana na kulipiga fimbo kama mkeka. Wakiwa humo utawaona wanatoka na watoto wao mdomoni, maana hawavumilii watoto kupikwa. Usilirudishe ndani siku hiyo.

Wakiwa ni wageni tu, sihangaiki na chambo. Nakata madaraja. Siku moja nilikaa na kuhesabu sehemu zote ambazo trela langu linagusa ardhi tukiwa tumefungua kambi: tairi mbili, gurudumu dogo la mbele, miguu minne ya kuegemeza, kamba sita za turubai, nguzo mbili za kivuli, mpira mmoja wa maji. Kumi na sita. Na hapo sijahesabu ufagio tulioegemeza, kiti cha mgeni kilichogusa ubavu, na tawi la mti lililolala juu ya hema. Tawi ndilo husahaulika zaidi. Kabla sijashusha mguu wowote natazama juu kwanza.

Miguu minne naisimamisha ndani ya makopo. Hili nimelirithi kwa mama yangu Moshi, kabati lake la vyakula lilikuwa na kopo la maji na mafuta ya taa chini ya kila mguu, na harufu ile mpaka leo ni harufu ya sukari kwangu. Mimi mafuta ya taa siyaweki kwenye kambi, sitaki yamwagike ardhini hifadhini, na sitaki chochote kinachowaka karibu na gesi. Naweka maji na matone machache ya sabuni ya maji. Sabuni siyo mapambo: sisimizi ni mwepesi, maji matupu yanambeba juu anavuka kama mtu kwenye mkeka, lakini maji yenye sabuni yanamzamisha. Kila asubuhi toa majani na vumbi, maana jani moja likidondoka koponi ni daraja la Kigamboni.

Kamba napaka mafuta ya mgando, upana wa shibiri moja, karibu na trela. Vumbi likijaa nafuta na kupaka upya. Tairi usipake grisi wala mafuta, yanaharibu mpira. Zungushia majivu ya jikoni kwa duara nene, mkono mmoja upana. Hayapitiki yakiwa makavu. Mvua ikinyesha hayana kazi, rudia. Mpira wa maji ukishajaza tangi, uchomoe, usiuache umelala pale usiku kucha.

Njia waliyokwisha kuitia harufu ifutwe. Anayetangulia huacha harufu chini, na wanaofuata wanaisoma kwa vipapasio, ndiyo maana wanapita palepale hata ukiwaondoa. Maji ya sabuni yanatosha. Siki nusu na maji nusu ni bora zaidi, au ndimu iliyokwisha kukamuliwa uipitishe kama unasugua sufuria. Ila usifute njia inayokwenda kwenye chambo. Hilo nimemwona mwenzangu akifanya, akiwa na nia njema kabisa.

Chakula siongei sana, kila mpishi anajua. Ndoo zenye mfuniko wa kubana, na kwa makopo ya kuzungusha naweka kipande cha nailoni chini ya mfuniko, kwa sababu wale wadogo wanazunguka na uzi wa skrubu mpaka ndani. Trei ya mafuta chini ya jiko la gesi ioshwe kila usiku. Takataka kwenye ndoo iliyofungwa, na hilo hata sisimizi wasingekuwepo ungelifanya kwa ajili ya fisi na nyani.

Siafu ni habari nyingine, na hapo juu hakuna kinachowahusu. Siafu hana kituo cha kudumu. Ni msafiri kama wewe, na wewe ndiye umelala barabarani kwake. Msimu wa masika, Usa River, niliamshwa saa nane usiku na mgeni anacheza ngoma ndani ya hema. Walikuwa wameingia kwa kamba ya mlango. Kwao fanya hivi: toa watu kwanza, suruali ndani ya soksi, simama mbali na vua nguo bila aibu. Mmoja mmoja wang'oe kwa kucha. Mwili ukikatika kichwa kinabaki kimeng'ata, mvute nacho. Kisha kunja miguu, funga trela kwenye gari, sogea. Mita hamsini pembeni mwa njia yao mara nyingi zimetosha. Usiwakanyage wala kuwachokoza, maana wanatawanyika na sasa hujui walipo. Ukishindwa kusogea, hamisha watu walale kwenye gari na uwaachie trela. Walipita kwangu mpaka alfajiri wakaondoka, na mende wote waliokuwa nyuma ya droo wakaondoka nao. Sijawahi kusafishiwa trela vile kwa bure.

Majimoto ni wa pwani zaidi, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe na mkorosho kuwa nyumba, gundi yao ikiwa ni nyuzi za watoto wao. Wakulima wa korosho wanawapenda kwa sababu wanafukuza wadudu wanaonyonya mikorosho. Basi waachie mti wao. Nilifunga kamba ya kuanikia nguo kwenye mwembe Bagamoyo, nikapata ninachostahili nilipovaa shati. Hawahamii kwenye trela. Fungua kamba, sogea utoke chini ya matawi, mambo yamekwisha.

Na kwenye mbuga za udongo mweusi kuna ule mgunga mfupi wenye vivimbe vyeusi kwenye miiba, upepo ukipita unapiga mluzi. Kila kivimbe ni nyumba ya sisimizi, na wanaulinda mti hata dhidi ya tembo. Usiuegemezee kitu.

Nimalizie na uani. Kwa muda mrefu nilisingizia hifadhi, nasema hawa nimewatoa Serengeti. Siku moja nikaweka vizibo vya asali kabla ya safari, trela likiwa bado Arusha kwenye majani nyuma ya gereji. Vikajaa kabla sijamaliza chai. Walikuwa wanapanda nyumbani! Wiki sita za mvua, trela limesimama palepale, majani yamefika kwenye ekseli, mikunjo ya turubai ina unyevu. Nani asingehamia? Sasa linasimama juu ya kokoto, majani yanafyekwa, turubai linakunjwa kavu, na kila baada ya wiki mbili tunalisukuma mita chache ili aliyeanza kujenga ajue pana matetemeko.

Kuna sababu nyingine ya kuwamaliza nyumbani, na niliambiwa na mpishi mwenzangu wa Nanyuki. Kule Laikipia, Kenya, kuna sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wanaosambaa duniani kwa kubebwa na mizigo na udongo wa watu. Wakifika wanawaua wale wa kwenye mgunga. Mti ukikosa walinzi, tembo wanauvunja. Miti ikipungua, simba anakosa pa kujifichia akimvizia pundamilia. Watafiti waliofanya kazi hifadhi ya Ol Pejeta hukohuko walilichapisha hilo mwaka 2024 katika jarida la Science: simba wa maeneo hayo wanakamata pundamilia wachache zaidi kuliko zamani, na wamegeukia nyati. Nilipolisikia nilikwenda kuitazama ile taa ya nyuma upya. Nimeipeleka mara ngapi getini Naabi, tunapoingilia Serengeti, na humo ndani walikuwa nani?

Kwa hiyo sasa, siku moja kabla ya kuondoka, vizibo vitatu vinakaa usiku mzima: droo, godoro, friji. Saa kumi na moja alfajiri navitazama kwa tochi. Vikiwa vitupu tunafunga trela, tunaondoka. Kikiwa na hata watano, nampigia dereva simu aje saa mbili badala ya saa kumi na mbili, nafungua skrubu za taa.